Ua Lenye Mabawa: Vunjajungu Astahili Kujulikana

Mtunzi wa hadithi akitaka kubuni kiumbe aliye nusu ua na nusu ndege, hana haja ya kwenda mbali. Kiumbe anayekaribia sifa hizo yumo Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Ni vunjajungu wa maua, mdudu ambaye wataalamu humwita Pseudocreobotra wahlbergii.

Majina hayo mawili yanastahili kufikiriwa. La Kiswahili linatokana na imani ya zamani kwamba amgusaye mdudu huyu atavunja chombo cha kwanza atakachoshika. La kitaalamu linamkumbuka J. A. Wahlberg, Mswidi aliyekusanya viumbe kusini mwa Afrika hadi alipouawa na tembo mwaka 1856. Jina moja lina hofu, na jingine lina kumbukumbu ya mgeni. Hakuna linaloeleza jinsi mdudu mwenyewe anavyoishi, na hiyo ndiyo elimu inayohitajiwa zaidi.

Maisha yake yana hatua tatu: yai, tunutu na mdudu kamili. Jike hutaga mayai ndani ya povu, ambalo hukauka na kuwa ganda gumu lililoshikamana na kijiti. Tunutu wanaoanguliwa ni weusi, na kwa umbo hufanana na sisimizi, wadudu ambao wawindaji wengi huwaepuka. Kadiri wanavyojivua ngozi, weusi hutoweka. Tunutu huwa mweupe mwenye michirizi ya kijani au ya waridi, na tumbo lake lenye vijimiiba hupindwa juu mfano wa ua linalochanua. Mabawa hukamilika anapojivua ngozi kwa mara ya mwisho. Kila bawa la mbele lina doa mfano wa jicho. Akitishwa huyainua, na adui hujiona anakodolewa macho mawili makubwa.

Kwa mkazi wa Litapunga, mkoani Katavi, kujua hatua hizi kuna maana ya pekee. Mkoa huo una misitu ya miombo, na tumbaku ni miongoni mwa mazao yake ya biashara. Ukaushaji wa tumbaku kwa moto hula kuni nyingi, na moto wa kiangazi huteketeza vichaka. Akatae tawi lenye ganda la mayai ya vunjajungu wa aina yoyote hakusudii kuua. Hajui tu kwamba ameshika kizazi kizima mkononi. Mtu hawezi kukihifadhi kitu asichokitambua.

Wapo watakaouliza mdudu huyu ana faida gani kwa mkulima. Si haki kumpamba kwa sifa asizo nazo. Hula nzi, lakini hula nyuki na vipepeo pia. Hachagui maadui wa mkulima peke yao. Faida yake kubwa ni ya elimu, nayo si ndogo. Mwaka 2014 James O'Hanlon na wenzake walichapisha utafiti juu ya vunjajungu wa okidi wa Malaysia. Walionyesha kwamba mdudu huyo hajifichi tu kati ya maua, bali huwavuta wadudu wamjie kama wanavyoliendea ua. Msingi wa kazi hiyo ulikuwa kutazama kwa subira na kuhesabu.

Subira na hesabu haziuzwi dukani. Mwalimu anaweza kuweka kijiti chenye ganda la mayai katika chombo kilichofunikwa kwa kipande cha chandarua. Wanafunzi wahesabu siku hadi mayai yaanguliwe, wachore kila badiliko la rangi, kisha wawarudishe tunutu kichakani. Somo hilo halidai maabara, wala halidai kitabu kutoka ng'ambo.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, inasifika kwa viboko na nyati wake, na sifa hiyo ni haki yake. Hata hivyo, urithi wa viumbe hauishii kwenye wanyama wakubwa wala kwenye mipaka ya hifadhi. Sehemu yake nyingine imening'inia kwenye vijiti nyuma ya madarasa. Shule zianze kuwafundisha watoto kuitambua, kabla kijiti hicho hakijaishia jikoni.