Rangi mpya, kutu ya zamani: Usalama wa magari makuukuu Rungwe

GARI kuukuu lililopakwa rangi mpya huvutia macho ya wengi. Hata hivyo, rangi hiyo haimwelezi abiria iwapo chini yake kuna bati zima au kutu iliyofunikwa kwa puti.

Suala hilo lina uzito wa pekee Matwebe na maeneo mengine ya Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Ukanda wa Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kutu huhitaji maji na hewa tu. Matope yanayoganda ndani ya madigadi na chini ya sakafu hutunza unyevu hata siku ya jua.

Kukarabati bodi nyumbani si jambo geni nchini. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 hadi 1979, uhaba wa fedha za kigeni ulifanya magari na vipuri viadimike. Hadi Serikali iliporuhusu watu binafsi kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni mwaka 1984, magari mengi yaliendelea kutembea kwa ustadi wa mafundi wa viraka. Leo, ushuru wa ziada kwa magari chakavu kutoka nje humfanya mwenye kipato kidogo aone nafuu kufufua alilonalo.

Tatizo si kazi kufanyika uani, bali hatua zinazorukwa. Kutu inapaswa kukwanguliwa hadi chuma king'ae, bati lililooza likatwe na jipya lichomelewe, ndipo ifuate rangi ya kuzuia kutu, puti nyembamba, msasa na rangi ya mwisho. Puti ikijazwa juu ya tundu, kutu huendelea kula bati kwa ndani.

Land Rover za zamani zinatoa funzo. Sehemu kubwa ya bodi yake ni ya aluminiamu, lakini chesisi ni ya chuma. Gari linaweza kuonekana zima juu, ilhali uti wake wa mgongo umeoza.

Katika miteremko na kona za barabara ya Uyole, Tukuyu hadi Kasumulu, chesisi ikikatika panapofungwa springi, dereva hupoteza udhibiti hata kama breki ni nzima. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu, lakini askari wa barabarani huona taa na matairi kwa urahisi kuliko kutu iliyozikwa chini ya rangi.

Kwa hiyo, ukaguzi wenye maana ni ule unaofanywa chuma kikiwa bado wazi. Mwenye gari amwite fundi mwingine agonge chesisi kwa nyundo kabla puti haijafunguliwa. Gharama yake ni ndogo, na wahenga walishaonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Barabarani, ufa huo hulipiwa kwa maisha ya watu.