Kabla kigogo cha ufukweni hakijaingia kwenye tangi la samaki

Tangi la samaki sebuleni huwavutia watoto, na baadhi ya familia za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zikienda ufukweni hurudi na kigogo kilicholainishwa na mawimbi ili samaki wapate pa kujificha. Wazo ni zuri na halina gharama. Hata hivyo, kigogo hicho huja na chumvi, wadudu na uchafu, na kukiandaa kunahitaji sufuria inayochemka na ndoo iliyojaa maji, vitu viwili vya hatari kwenye nyumba yenye mtoto mdogo.

Kuchagua

Kigogo kinachofaa ni kikavu, kigumu na hakina harufu. Ukucha ukizama ndani yake, kimeoza. Mbao zenye rangi, misumari au lami, vipande vya nguzo zilizotiwa dawa na miti yenye utomvu kama mnyaa visitumike, kwa kuwa sumu yake huingia kwenye maji. Mkoko usikatwe kwa ajili ya pambo. Miti hiyo inalindwa kisheria.

Kusafisha

Kigogo husuguliwa kwa brashi ngumu na maji matupu. Sabuni haitakiwi, kwani mti huinyonya na kuiachia baadaye, ikadhuru matamvua ya samaki. Kisha huchemshwa kwa saa moja hadi mbili. Anayetumia jiko la mkaa achemshie nje, kwa sababu mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu na inayoweza kuua watu waliojifungia ndani. Mpini wa sufuria uelekezwe upande ambao mtoto hafiki.

Kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini hakumalizi chumvi. Inayoiondoa ni kuloweka kwenye maji baridi yanayobadilishwa kila siku, kwa wiki moja au mbili, na zaidi kwa kigogo kinene. Kikianza kuzama chenyewe, kimekaribia kuwa tayari.

Katika siku hizo zote, ndoo ifunikwe na iwekwe kwenye chumba kinachofungwa. Mtoto anayejifunza kutembea ana kichwa kizito kwa kulinganisha na mwili wake. Akiinama na kutumbukia, hawezi kujinyanyua, na maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumzamisha, mara nyingi bila kelele.

Ndani ya tangi

Maji yakigeuka kama chai ya mkandaa, mzazi asihofu. Hiyo ni tanini, rangi ileile inayotoka kwenye gome la mkoko uitwao mkandaa. Haidhuru samaki wengi wa mapambo na hupungua kadiri maji yanavyobadilishwa. Utando mweupe unaoota juu ya mti ni ukungu. Husuguliwa na mara nyingi huisha baada ya wiki chache. Kigogo kikitoa harufu ya yai viza, kitolewe.

Mikono kwanza

Anayegusa kigogo au maji ya tangi anawe kwa sabuni na maji tiririka, wala vyombo vya tangi visioshwe kwenye sinki la jikoni. Maji yasinyonywe kwa mdomo kupitia mpira, kwani yanaweza kuwa na salmonela. Watoto wa chini ya miaka mitano watazame tu, kazi ya kusafisha iachwe kwa wakubwa.

Mwenye kidonda au mchubuko mkononi avae glavu. Kwenye maji ya matangi huweza kuwamo bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, ambaye hupenya kwenye mchubuko na kusababisha uvimbe mdogo au kidonda kinachochelewa kupona, wakati mwingine wiki kadhaa baada ya kuingia. Tiba ipo, ila huweza kuchukua miezi. Mzazi anayemwona daktari kwa uvimbe wa namna hiyo kidoleni au mkononi aeleze mapema kwamba nyumbani kuna tangi la samaki. Bila taarifa hiyo, ugonjwa huo ni rahisi kudhaniwa kuwa jipu la kawaida.