Lita iliyovuka bahari
Ukishuka gatini Mtangawanda utaona madumu ya mafuta yakiteremshwa pamoja na abiria, kwani kila lita inayochomwa barabarani kisiwani Pate imevuka bahari kwanza. Ndiyo maana naitazama kwa makini pikapu kubwa ya mseto, yenye injini ya petroli na mota ya umeme. Dereva akikanyaga breki, mota hugeuka jenereta, na nguvu ambayo ingepotea kama joto hurudi kwenye betri. Akiondoka tena, umeme huo huisaidia injini. Ford F-150 ya mseto, modeli ya 2021, ina nguvu za farasi 430, na vipimo vya serikali ya Marekani viliipa takriban kilomita 10 kwa lita. Kwa gari la ukubwa ule, si haba. Kinachonigusa zaidi ni soketi zilizo nyuma, penye mizigo: mfumo wake mkubwa hutoa hadi kilowati 7.2, umeme unaotosha kuendesha friza kadhaa. Kwa mvuvi ambaye samaki wake huharibika akingoja barafu, hilo ni riziki, si anasa. Lakini usukani wa pikapu hiyo uko kushoto, na sheria ya Kenya inataka wa kulia. Tena upana wake hauendani na vichochoro vya Siyu na Faza kisiwani kwetu. Basi waagizaji na serikali watuletee teknolojia hiyo hiyo katika pikapu ndogo, kwa bei ya mtu wa kawaida. Haba na haba hujaza kibaba, na kwetu kibaba hicho hubebwa na mashua.