Vakansi: tuwaachie watoto wa Lubumbashi mahali pa kucheza

Shule zimefunga. Tangu mwanzo wa mwezi huu wa saba, kuanzia Katuba mpaka Ruashi, watoto wako nyumbani asubuhi mpaka jioni. Umeme ukiwapo, wanakaa mbele ya televisheni. Umeme ukikatika, wanatoka kupiga mpira barabarani, kati ya pikipiki na teksi-basi. Na kila siku ya Yenga, baada ya ibada, mtoto anauliza lile swali ambalo baba wengi wanalikimbia: "Papa, leo tunaenda wapi?"

Jibu la kawaida ni kwamba feza hakuna. Hatuwacheki wazazi wanaojibu hivyo. Mshahara unachelewa, bei ya unga inapanda, na mwezi wa tisa unakuja na madaftari, yunifomu na viatu vyake. Lakini tukihesabu vizuri, tutaona kwamba matembezi yenyewe hayali feza nyingi. Kinachomaliza mfuko ni usafiri na vinywaji.

Chukua familia ya watu saba. Wakipanda basi mbili kwenda na mbili kurudi, wamelipa nafasi 28 kabla mtoto hajaona hata tawi la muti. Wakifika, kila mtoto anataka chupa yake ya sukari, kwa bei ya mahali pa starehe. Ndiyo maana familia inatoka mara moja kwa mwaka, siku ya Bonane, kisha inakaa miezi kumi na miwili ikilipa deni.

Familia hiyohiyo inaweza kutoka kila juma kama ikichagua mahali pa kufikia kwa miguu, au kwa basi moja tu. Mama anafunga viazi vitamu, mihogo na karanga. Maji yanatoka nyumbani katika bido ndogo. Kitenge cha zamani kinatandikwa chini. Mpira wa matambara unatosha. Na kwa sababu asubuhi za mwezi huu ni za baridi kali, afazali kutoka saa nne, jua likiisha kupasha moto, na kurudi kabla ya saa kumi na moja.

Kwenda wapi? Zoo iko katikati ya mji. Inalipisha, lakini ukiifanya kuwa safari moja ya vakansi nzima, na watoto wakaiweka akiba ya makuta kidogokidogo, watakumbuka siku hiyo mpaka uzee. Kwa wale wanaokaa upande wa Kasapa, njia za campus ya chuo kikuu zina nafasi ya kutembea na kukimbia. Mwezi wa tisa na wa kumi, jacaranda zikichanua, barabara za mji zenyewe zinageuka bustani ya rangi ya zambarau, na hakuna anayelipisha kuziangalia.

Kuna pia kitu ambacho tunapita karibu nacho kila siku bila kukiona: vichuguu. Udongo wetu wa Katanga una vichuguu virefu kuliko nyumba. Mwaka wa 2015, watafiti walitangaza umri wa baazi ya vichuguu vikubwa vya pori la miombo hapa karibu na Lubumbashi: kimoja kilizidi miaka 2000. Mji wetu ulianzishwa 1910. Mpeleke mtoto mbele ya kichuguu, mwambie kwamba muchwa walianza kukijenga wakati ambapo babu ya babu yake hajazaliwa, kisha mwache apande juu yake. Somo hilo halina minerval. Lakini fanya haraka, kwani wenye kuchoma matofali wanaupenda udongo huohuo, na kila mwaka vinapungua.

Tuseme pia yale ya kuangalia. Mito inayopita mjini si mahali pa kuogelea: inapokea maji machafu ya nyumba na ya viwanda. Na vumbi la karibu na viwanda vya madini si vumbi la kawaida. Mwaka wa 2009, watafiti wa UNILU na wenzao wa Leuven walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda katika Katanga wana kobalti na madini mengine mengi mwilini kupita kiasi, na watoto ndio wa kwanza kuumia, kwa sababu wanacheza chini na kuweka mikono mdomoni. Basi tuchague mahali penye majani, mbali na machimbo, na tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Tusifunge watoto ndani kwa sababu ya vumbi, lakini tusijifanye hatujui.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma. Mzazi anaweza kufunga viazi na kutandika kitenge, lakini mahali pa kukitandika panapungua. Katika kartie nyingi, uwanja ambapo sisi tulijifunza kupiga mpira umegeuka ukuta, kisha depo, kisha nyumba ya orofa. Mwandishi wa mistari hii anajua uwanja mmoja ambapo, kwa miaka, watoto walikuwa wanacheza kila jioni. Siku moja mawe yalimwagwa, kesho yake msingi ulichimbwa, na hakuna mkaaji hata mmoja aliyeulizwa. Watoto walihamia barabarani. Tunashangaa nini tukisikia kwamba mtoto amegongwa?

Sheria ipo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema kwamba ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya watu wote haiwezi kupewa mtu binafsi mpaka kwanza iondolewe katika matumizi hayo kwa njia halali. Nayo inchi yetu iliukubali, mwaka wa 1990, Mkataba wa haki za mtoto, ambao kifungu chake cha 31 kinampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Kumbe anayeuza uwanja wa watoto anauza kitu ambacho si chake.

Tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa. Kwanza, kila komine ibandike mbele ya ofisi yake orodha ya viwanja vya wote vilivyobaki, na mipaka yake iwekwe alama, ili wakaaji wajue cha kulinda. Pili, shule na parokia zifungue viwanja vyao mchana wakati wa vakansi, wazazi wa kartie wakipokezana kulinda watoto. Milango hiyo inafungwa miezi miwili mizima wakati watoto wanakosa pa kukimbilia. Tatu, zoo ipange mchana mmoja kwa juma ambapo watoto wanaingia bure wakiwa na mzazi.

Na sisi wazazi, tusingoje meya ndipo tutoke. Uwanja ambao hakuna anayeutumia ni mwepesi kuuzwa. Uwanja uliojaa mama, watoto na vitenge kila siku ya Posho ni mgumu kuuzungushia ukuta. Siku ya Yenga hii, mtoto akiuliza tunaenda wapi, mshike mkono, beba bido ya maji, mwende kwenye kile kiwanja kilicho karibu nanyi. Mkikuta mawe yamemwagwa hapo, msirudi kimya: waiteni majirani, mwende pamoja kwa mkuu wa kartie mkamuulize nani aliyatuma.