Mhandisi wa Roboti Darasani: Nafasi ya Igizo Dhima katika Somo la Sayansi

Miongoni mwa mbinu anazofundishwa mwalimu mtarajiwa chuoni, igizo dhima ni mojawapo ya zile zinazoandikwa mara nyingi katika maandalio ya somo na kutumiwa mara chache darasani. Na pale inapotumiwa, hutumiwa zaidi katika masomo ya lugha na uraia: mtoto mmoja awe mwenye duka, mwenziwe awe mnunuzi, mmoja awe mganga, mwingine awe mgonjwa. Katika Sayansi na masomo ya ufundi ni nadra kuiona. Makala hii inadai kwamba huko ndiko inakohitajiwa zaidi. Kielelezo nitakachokitumia huenda kikawashangaza baadhi ya wasomaji, kwani kinatoka katika michezo ya kompyuta, ambayo walimu wengi huihesabu kuwa adui wa masomo.

1. Mchezo wenyewe

Michezo ya kuigiza dhima, kama tunavyoijua leo, ilianzia mezani kwa karatasi, kalamu na dadu. Mchezo ulioieneza, Dungeons & Dragons, ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji alishika nafasi ya mhusika mmoja, naye alifungwa na uwezo na upungufu wa mhusika huyo. Baadaye, kompyuta zilipounganishwa kwa intaneti, maelfu ya watu waliweza kuigiza pamoja katika ulimwengu mmoja wa kubuni.

Mmoja wa michezo hiyo uliitwa Star Wars Galaxies. Ulifunguliwa Juni 2003, ukafungwa Desemba 2011. Katika miaka yake ya mwanzo mchezaji alijichagulia kazi miongoni mwa kazi zaidi ya 30, na mojawapo ilikuwa kazi ya mhandisi wa roboti. Mhandisi huyo hakupewa roboti, alizitengeneza. Alianza kama fundi wa kawaida, akafanya kazi ndogo ndogo mpaka akastahili daraja la juu. Alipima ardhi ili kutafuta madini, na madini hayo hayakuwa na ubora mmoja: mengine yalipitisha umeme vizuri zaidi, mengine yalikuwa magumu zaidi, na yaliyopatikana leo mahali fulani yaliweza kutoweka baada ya siku kadhaa. Alifuata mchoro, akaunganisha sehemu, kisha akafanya majaribio ya kuboresha, ambayo yaliweza kufaulu au kushindwa. Roboti iliyokamilika aliiuza kwa wachezaji wengine, waliohitaji kubebewa mizigo au kusaidiwa vitani. Hivyo mtu aliweza kujipatia sifa kubwa mchezoni bila kupigana na yeyote.

Mwezi Novemba 2005 wenye mchezo waliubadili mpangilio huo, wakazipunguza kazi hadi 9. Kazi ya mhandisi wa roboti haikubaki tena kuwa kazi inayojitegemea. Wachezaji wengi walilalamika sana. Malalamiko hayo yana funzo kwetu. Watu walinung'unika kwa kunyang'anywa kazi iliyowadai subira, hesabu, vipimo na kumbukumbu za maandishi. Kazi za namna hiyo hiyo tukiziita "zoezi" darasani, watoto huzikimbia. Tofauti iko wapi?

Kwa maoni yangu tofauti iko katika mambo matatu. Kwanza, mchezaji alikuwa na dhima: alijijua yeye ni nani. Pili, alikuwa na kanuni zisizopinda: chuma kibovu kilitoa roboti mbovu, hata angeomba vipi. Tatu, alikuwa na mtu aliyemtegemea: kazi yake ilisubiriwa na mteja. Katika masomo yetu mengi ya Sayansi mambo haya matatu hayapo. Mtoto hana dhima isipokuwa ya kusikiliza. Kanuni anazihifadhi bila kuziona zikitenda. Na hakuna anayeisubiri kazi yake ila mwalimu mwenye kalamu nyekundu.

2. Neno "roboti" na maana yake kwa mwalimu

Inafaa mwalimu ajue kwamba neno hili lilizaliwa katika tamthilia. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alichapisha mchezo wa kuigiza uitwao R.U.R. mwaka 1920, nao ulichezwa jukwaani mwaka uliofuata. Neno alilolitumia limetokana na "robota", yaani kazi ya shuruti, kama ile waliyofanyishwa watwana mashambani mwa mabwana zao. Roboti basi, kwa asili ya jina lake, ni mtenda kazi asiye na hiari wala fikra.

Sasa tujiulize: mtoto anayenakili ubaoni mchoro wa nyenzo asioufahamu, akaupaka rangi, akasahihishiwa na kuufunga daftarini, anatofautianaje na mtenda kazi huyo? Tunapomweka katika nafasi ya mhandisi, tunamwondoa katika nafasi ya roboti. Hilo ndilo jambo kubwa lililoko hatarini katika mjadala huu, nalo ni kubwa kuliko kompyuta yoyote.

3. Uhandisi si mgeni katika Buhaya

Mtoto wa Kagoma, penye barabara itokayo Bukoba na Muhutwe kuelekea Muleba na Lusahunga, huyaona magari na mitambo ikipita kila siku. Ni rahisi aamini kwamba mashine ni vitu vipitavyo njiani, vinavyotengenezwa na wengine na kununuliwa na sisi. Mwalimu anao wajibu wa kumwonyesha kwamba imani hiyo si ya kweli, na ushahidi uko karibu naye.

Huko Katuruka, katika eneo la Maruku, wilaya ya Bukoba, pamefukuliwa mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za zama za kale. Katika miaka ya 1970 mtafiti Peter Schmidt alishirikiana na wazee wa Kihaya walioikumbuka kazi hiyo, nao wakajenga tanuri na kuyeyusha chuma upya. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba ufundi huo katika nchi hii una umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Udongo wa kichuguu ulitumika katika tanuri. Matete ya kinamasi yaliyochomwa yalijazwa shimoni. Na mirija ya udongo iliyopitisha hewa kutoka kwenye mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuri. Watafiti hao walidai kwamba hewa ilipata joto mirijani kabla ya kufika motoni, na hivyo kuzidisha ukali wa moto. Wataalamu wengine waliupinga ufafanuzi huo, na ubishi wao ni sehemu ya sayansi. Lakini hapana anayebisha kwamba chuma kilipatikana.

Ndugu mwalimu mtarajiwa, tazama jinsi kazi ile inavyofanana na kanuni tulizozitaja. Udongo wowote haukufaa, ulichaguliwa. Kazi haikuwa ya mtu mmoja. Ilihitaji wakata mkaa, wavukutaji na msimamizi. Na jembe lilisubiriwa na mkulima. Wazee hao walikuwa wahandisi kwa kila maana ya neno hilo.

4. Somo la mfano

Ninapendekeza somo la vipindi viwili vinavyofuatana, darasa la V, mada ikiwa mashine rahisi. Halihitaji umeme wala kompyuta. Wanafunzi 45 wagawanywe katika vikundi 9 vya watu watano, na kila mmoja apewe dhima iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi: mhandisi, mtafuta malighafi, mjaribu, mwandishi wa kumbukumbu, na mteja.

Mteja ndiye anayeanza. Yeye ni bibi mwenye shamba la kahawa na migomba, ambaye mgongo wake haumruhusu kuinama. Anataka mkono wa kuokotea buni zilizoanguka chini. Mteja aulizwe maswali: buni ina ukubwa gani? Aziokote ngapi kwa mara moja? Mkono uwe na urefu gani? Mwandishi ayaandike majibu.

Mhandisi achore kidole cha roboti. Kipande cha kadibodi chenye urefu wa sentimeta 12 na upana wa sentimeta 2 kikunjwe kwenye sentimeta ya 4 na ya 8, kipate pingili tatu kama kidole cha mtu. Juu ya kila pingili, upande wa ndani wa mkunjo, kifungwe kijirija kifupi. Bua la jani la papai lina uwazi katikati, nalo linafaa sana. Uzi upitishwe katika vijirija vyote na kufungwa kwenye ncha. Ukivutwa, kidole hujikunja. Ukilegezwa, kadibodi hujinyoosha. Vidole vitatu vikifungwa kwenye ufito mrefu, mkono umepatikana.

Mtafuta malighafi alete aina kadhaa za kamba: uzi wa pamba, mkonge, kamba ya mgomba iliyo mbichi na iliyokauka. Mjaribu aifunge kila kamba kwenye kopo na kutia kokoto moja moja hadi ikatike, na mwandishi aziandike hesabu katika jedwali. Hapo watoto watakutana na kanuni isiyopinda, sawa na ile ya madini katika mchezo tulioueleza. Mwalimu asiwaambie kamba ipi ni bora, kopo litawaambia.

Mwisho mteja aijaribu kazi. Ana haki ya kuikataa, lakini ni lazima aeleze sababu. Kikundi kilichokataliwa kirekebishe na kurudi. Katika kipindi kitakachofuata dhima zibadilishwe, ili aliyekuwa mwandishi awe mhandisi.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu. La kwanza ni tuzo. Mwalimu akiutuza mkono uliopendeza kuliko yote, watoto watakimbilia mapambo. Atuze jedwali la majaribio na maelezo ya marekebisho. La pili ni mgawanyo wa dhima kati ya wavulana na wasichana. Mazoea hutusukuma kumpa msichana uandishi kwa sababu ana mwandiko mzuri, na mvulana uhandisi. Mazoea hayo yavunjwe. Roboti za kuongoza magari zilizosimamishwa katika njia panda za Kinshasa mwaka 2013 zilitokana na kazi ya mhandisi mwanamke wa Kongo, Thérèse Izay Kirongozi, na wenzake. Watoto waambiwe habari hiyo kabla ya kugawiwa karatasi za dhima.

5. Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba michezo ya kompyuta hupoteza watu. Pingamizi hili lina uzito. Shirika la Afya Duniani liliutambua ugonjwa wa kutawaliwa na michezo hiyo katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lakini ninachokipendekeza ni kuchukua mpango wa mchezo, si mtambo wake. Mchezo wa darasani una kengele ya kuumaliza, na una mwalimu.

Wengine watasema kwamba kuigiza si kujua: mtoto anayejifanya mhandisi si mhandisi. Ni kweli. Hata hivyo mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alifundisha kwamba mtoto achezapo hutenda mambo yaliyo juu ya umri wake, kwa kuwa dhima humtaka ajizuie na kufuata kanuni ambazo asingezifuata kwa hiari. Mtoto aliyezoea kukurupuka, akipewa dhima ya mjaribu, atahesabu kokoto kwa utulivu, kwa sababu mjaribu ndivyo afanyavyo.

Wengine watataja wingi wa watoto. Kwa darasa la watoto 90 kazi hii ni ngumu, wala sitaki kuirahisisha kwa maneno. Nusu wafanye kazi uwanjani chini ya viongozi wa vikundi, nusu wabaki na zoezi la vipimo, kisha wapokezane. Kelele zitakuwapo. Mwalimu ajifunze kutofautisha kelele za kazi na kelele za fujo.

Tena mbinu hii haifai kwa kila mada. Jedwali la kuzidisha halihitaji mteja, na mwalimu atakayeigiza kila siku ataichosha mbinu yenyewe. Somo moja au mawili kwa muhula, yaliyoandaliwa vema, yatatosha.

6. Hitimisho

Mwalimu Nyerere, katika andiko la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alitaka elimu ijenge akili ya kudadisi na uwezo wa kujifunza kwa yale wafanyayo wengine na kuyafanya yafae hapa kwetu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, nao unasisitiza umahiri, si kukariri tu. Maneno tunayo ya kutosha. Kinachotakiwa ni mwalimu atakayemtazama mtoto aliyekuja shuleni na gari la waya alilolitengeneza mwenyewe, asimwamuru aliache nje ya mlango, bali amwite mbele na kumwuliza: umetumia waya gani, kwa nini huo, na ungelitengeneza upya ungebadili nini?

Maswali hayo matatu hayagharimu kitu. Mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kwenda katika mazoezi ya kufundisha ayaandike katika andalio lake la kwanza la somo la Sayansi, na mkufunzi wake amdai majibu waliyoyatoa watoto.