Digrii ya Biashara Isiyojua Kusoma Taarifa ya M-Pesa

Nitaanza na shtaka lenyewe, ili asiyetaka kuudhika aende zake mapema. Shahada ya kwanza ya biashara, jinsi inavyofundishwa katika vyuo vyetu vingi hapa Kenya, humfunza mwanafunzi kuieleza kazi badala ya kuifanya. Miaka minne mizima. Mkopo wa HELB juu, ng'ombe wa mzazi kauzwa, halafu mhitimu anaketi mbele ya taarifa ya M-Pesa ya biashara ndogo na hajui aanzie wapi.

Mtaniuliza: wewe mtu wa kompyuta, mambo ya watu wa biashara yakuhusu nini? Yanihusu sana. Kazi yangu ni kuandika programu, na programu nyingi zinazolipiwa hapa Nairobi si za michezo wala za roketi. Ni za mauzo, stoo, kodi za nyumba, sacco na mishahara. Ninaokaa nao mezani ili waniambie mfumo ufanye nini ni wahitimu wa biashara. Wakishindwa kueleza kazi yao inavyokwenda, mimi nitajenga upuuzi ulio nadhifu, na mwenye pesa ataula hasara.

Pale ninapofanya kazi, anayeomba nafasi ya hesabu au ya kuhudumia wateja hupewa zoezi moja. Ploti ya nyumba 20 za kupangisha, Paybill moja, taarifa ya mwezi mmoja katika faili la Excel. Swali: nani amelipa, nani hajalipa, nani amelipa nusu?

Rahisi? Ngoja. Mpangaji mmoja kaandika "A4" penye namba ya akaunti, mwingine "hse a4", wa tatu kaweka jina la mtoto wake. Kuna aliyelipiwa na shemejiye kwa simu nyingine. Kuna aliyelipa mara mbili, na muamala mmoja ukarudishwa. Katika orodha ya wapangaji, namba za simu zimepoteza sifuri ya mbele kwa sababu Excel imezichukua kama tarakimu za kujumlisha. Na tarehe imeandikwa 03/04. Ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi?

Hapa ndipo digrii nyingi hulala. Lakini mwulize mtu yuyo huyo akupe maana ya kuoanisha hesabu za benki na faida zake tano. Atazimimina kama maji, zote tano, kwa mpangilio.

Sasa, msinielewe vibaya. Silaumu wanafunzi. Wimbo wa "vijana wa siku hizi hawana ujuzi" nimeuchoka, hasa ukiimbwa na waajiri ambao hutangaza nafasi ya mtu aliyemaliza chuo jana na kudai uzoefu wa miaka mitatu. Kijana hufanya kile anachopimwa nacho. Ukimpima kwa karatasi na kalamu, atakariri. Ukirudia maswali yale yale kila mwaka, atatafuta mitihani ya zamani saiba na kuachana na vitabu. Na ukimtahini kwa mambo ambayo mwakenya wa inchi mbili unaweza kuyabeba yote, usishangae akija na mwakenya.

Chukua somo la kompyuta la mwaka wa kwanza. Nimeonyeshwa karatasi zake na wadogo zangu. "Eleza vizazi vitano vya kompyuta." "Taja vifaa vitano vya kuingizia data." "Andika hatua za kutengeneza jedwali katika Excel." Andika! Kwa kalamu! Ni sawa na kumtahini dereva wa matatu kwa insha kuhusu usukani. Mwanafunzi anapata A bila kugusa kipanya, kisha somo hilo halirudi tena mpaka anapofuzu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba lahajedwali lenyewe lilizaliwa katika shule ya biashara. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili ya biashara Harvard. Alimwona mhadhiri akijaza jedwali la hesabu ubaoni, na kila tarakimu moja ilipobadilika, ilibidi kufuta na kukokotoa upya nyingine chungu nzima. Akajiuliza: mbona ubao usijikokotoe wenyewe? Akaungana na Bob Frankston, na mwaka 1979 VisiCalc ikauzwa kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Excel na Google Sheets zote ni wajukuu wake. Sisi, zaidi ya miaka 40 baadaye, tumemrudisha mwanafunzi wa biashara kwenye ubao ule ule ambao Bricklin aliukimbia.

Na asiniambie mtu kwamba hizi ni kazi ndogo za makarani. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, na wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakaitumia kutetea sera za kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, akaomba faili lao la Excel kwa ajili ya kazi ya darasani. Akakuta fomula ya wastani imeziacha nje nchi tano. Haikuwa kasoro pekee katika makala ile, lakini ndiyo iliyowaaibisha. Herndon aliigundua kwa kufungua faili na kukagua.

Oktoba 2020, Uingereza ilipoteza kwa muda taarifa za wagonjwa 15,841 wa Covid-19 kwa sababu zilipitishwa katika faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilidondoka kimya kimya, na watu waliokuwa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kuarifiwa. Je, mhitimu wako wa biashara anajua kwamba faili laweza kumeza mistari bila kupiga kelele?

"Lakini kuna atachimenti!" Ndiyo, ipo. Miezi mitatu ya kutoa kopi, kupeleka barua ghorofani, kununulia wakubwa chai na kujaza kitabu cha kumbukumbu kwa sentensi moja: "Leo nilisaidia idara ya fedha." Mhadhiri huja mara moja, husaini, huenda. Mwanafunzi hulipia muhula huo karo, hujilipia nauli, na mara nyingi halipwi hata senti. Na kumbuka kila mwajiri anatakiwa kutoa Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kama tozo ya mafunzo, chini ya NITA. Mafunzo ya kazini si hisani basi. Ni jambo ambalo sheria imeliwekea pesa.

Najua hoja zitakazoletwa, kwa hivyo nizijibu mapema.

Ya kwanza: "Chuo kikuu si polteknik. Sisi hufundisha kufikiri, hatufundishi kubonyeza vitufe." Nakubali nusu. Kubonyeza vitufe kusifundishwe, maana vitufe huhama. Lakini kufikiri bila kitu cha kufikiria ni porojo. Tazama hesabu ya mishahara. Mtu wa Sh50,000 alikuwa akikatwa Sh1,200 za NHIF, zikisomwa kwenye jedwali la viwango. Oktoba 2024 ikaja SHIF: asilimia 2.75 ya mshahara wote, yaani Sh1,375. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani Sh750. Kisha mwishoni mwa Desemba 2024 sheria ikabadilika tena, makato hayo mawili yakawa yanaondolewa kabla ya kukokotoa PAYE. Aliyekariri jedwali la NHIF alipotea siku hiyo. Aliyewahi kuijenga hesabu ya mishahara mwenyewe, akajua kiwango kinakaa wapi na fomula inakaa wapi, alibadilisha seli mbili tatu akaenda kunywa chai. Huko ndiko kufikiri ninakokujua mimi.

Ya pili yatoka kwa wenzangu wa kompyuta: "Wafundishwe kuandika programu, basi." Hapana! Sitaki mhasibu awe nusu mwanaprogramu. Nataka awe mhasibu kamili, anayeweza kunionyesha kwa mfano halisi bidhaa inavyotoka stoo hadi kwenye ankara, nani anaidhinisha, na mteja akirudisha mali nini kinatokea. Mtu kama huyo ananiokolea wiki nzima za kubahatisha. Sisi nasi tuache dharau. Mifumo mingi inayokufa mijini hufa kwa sababu hakuna aliyejua kuuliza wala aliyejua kujibu.

Ya tatu ndiyo ya kisasa: "Akili mnemba itafanya yote." Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 naisikia kila wiki. Mimi mwenyewe hutumia vyombo hivyo kazini. Ukivipa ile taarifa ya ploti vitakupa jibu safi, lenye vichwa vya habari na jumla chini. Je, "hse a4" vimeihesabu? Ule muamala uliorudishwa vimeutoa? Atakayejua ni yule aliyewahi kuisulubu taarifa kama hiyo kwa mkono wake. Asiyejua kukagua atasaini tu, na saini itakuwa yake, si ya mashine.

Basi tufanyeje? Sitaki kulalamika bila kupendekeza. Haya hayahitaji majengo mapya:

1. Futeni ule mtihani wa vizazi vya kompyuta. Mahali pake wekeni maabara ya data chafu. Nasema chafu makusudi: tarehe zilizochanganyika, majina yaliyoandikwa kwa njia tatu, malipo yaliyorudiwa. Vitabuni data huoga kabla ya kufika darasani. Duniani haiogi.

2. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili aweke hesabu za biashara halisi kwa muhula mmoja. Mama mboga, kinyozi, chama, muuza vipuri. Kwa ruhusa ya maandishi, na kwa kuheshimu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa maana taarifa ya M-Pesa ina majina na namba za watu. Mwisho wa muhula mwenye biashara aseme: hesabu hizi zimenisaidia au la?

3. Afundishwe kodi kama inavyolipwa. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, isipokuwa zile zilizosamehewa, haikubaliki KRA wakati wa kukokotoa kodi. Hilo limetikisa maduka kutoka Kamukunji hadi Kisumu. Mhitimu wa biashara anayeisikia eTIMS kwa mara ya kwanza ofisini amedhulumiwa.

4. Atachimenti iwe na kazi iliyotajwa kwenye karatasi kabla ya siku ya kwanza: utaoanisha hesabu hizi, utahesabu stoo hii, utaandika utaratibu huu. Mhadhiri akija akague hiyo kazi, si kitabu cha saini.

5. Mtihani uwe wa ana kwa ana. Mwanafunzi afungue jedwali lake, mhadhiri abadilishe tarakimu moja, aulize: "Kwa nini jumla imehama?" Dakika kumi zatosha. Mwakenya hautamsaidia.

Tena vipaji tayari vipo. Pita katika mabweni yoyote jioni. Huyu anauza viatu vya mtumba kwa WhatsApp, yule anapika chapati za kuagiza, wa tatu ndiye mweka hazina wa chama cha watu 15 na hajawahi kupoteza shilingi. Biashara imejaa mabwenini, halafu asubuhi wanaingia darasani kuandikishwa maana ya "mjasiriamali". Kwa nini leja ya yule wa chapati isiwe ndiyo kazi yake ya muhula?

Kikundi cha kwanza cha mtaala wa umilisi kiliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na kinatarajiwa kufika chuo kikuu mwaka 2029. Watoto hawa wamelelewa kwa miradi na kazi za mikono, pamoja na vituko vyote vya mtaala ule. Wakifika na kukuta noti zilizogeuka manjano na swali la vifaa vitano vya kuingizia data, watatucheka, na watakuwa na haki.

Kwa wakuu wa vitivo: muda mlio nao ni huo, na mabadiliko ya somo moja hayangoji mfadhili. Kwa wewe uliye mwaka wa pili sasa hivi: usingoje kitivo. Tafuta chama, duka au kanisa lenye hesabu zilizovurugika, omba ruhusa, fungua jedwali tupu, anza na mstari wa kwanza. Utakapokwama, na utakwama, hapo ndipo masomo yako ya biashara yatakuwa yameanza.