Mgeni Asijifungie Ndani

Uko usia mmoja wanaopewa vijana wetu wafungapo safari ya Ujerumani, nao umerudiwa mara nyingi hata umekuwa kama sheria. Huambiwa: nenda ukafanye kazi, uweke akiba, utume fedha nyumbani, ya watu usiyaingilie. Wautoao hawana nia mbaya. Hata hivyo nasema waziwazi kwamba ni usia mbovu, na ubovu wake huonekana zaidi katika majira ya joto kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Jambo hili latuhusu. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin mapatano juu ya uhamaji wa wafanyakazi, na yamkini miongoni mwenu msomao maneno haya wako watakaovuka bahari kwenda kuuguza wagonjwa au kujifunza ufundi. Mapatano huweza kumpatia mtu kibali na mshahara. Jirani hayawezi kumpatia.

Katika Hamburg, mwezi wa Juni, jua huchwa karibu saa nne za usiku. Watu waliofungwa nyumbani na giza na baridi tangu Novemba hutoka nje kama kumbikumbi baada ya mvua. Vijiji huwa na sherehe zao: ya kanisa, ya klabu ya mpira, ya chama cha walenga shabaha, ya kikosi cha zimamoto. Hema husimamishwa, matarumbeta yakapigwa, soseji zikachomwa. Kiel ina wiki yake ya mashua tangu 1882. Katika Dinkelsbühl kila Julai huigizwa kisa cha kale kisemacho kwamba watoto ndio waliomlainisha moyo jemadari wa Sweden, katika vita vya karne ya 17, asiuangamize mji wao.

Na mgeni aliyeushika usia wetu yuko wapi saa hiyo? Yuko chumbani, simu mkononi, akitazama harusi za kwao. Jumapili ndiyo humwelemea zaidi, kwa maana karibu maduka yote hufungwa. Katiba yenyewe yailinda siku hiyo kuwa ya mapumziko. Kisha huwaandikia wenzake kwamba Wajerumani ni watu baridi. Amewajua wapi? Kazini, mahali ambapo hakuna alipwaye kwa kupiga soga, na katika gari la moshi, ambamo kila mtu amekitazama kitabu chake.

Ujerumani urafiki hauokotwi njiani, hupatikana chamani. Watu saba wakikubaliana waweza kuandikisha chama kwa sheria ya raia iliyoanza kutumika mwaka 1900, nacho kikawa na mwenyekiti, mweka hazina na mkutano mkuu. Klabu nyingi za vijijini huendeshwa hivyo. Wanachama wenyewe ndio wakatao nyasi, wachorao mistari ya chokaa na wawafundishao watoto. Hata klabu kubwa za ligi kuu, isipokuwa chache, zafungwa na kanuni ya tangu 1998 kwamba wanachama wabaki na kura zilizo nyingi. Tazama basi maana yake: mgeni asiyeruhusiwa kuchagua mbunge huweza, kwa ada yake ya uanachama, kuinua mkono na kumchagua mwenyekiti wa klabu.

Sherehe nazo ndivyo zilivyo. Nje ya miji mikubwa, aghalabu moto huzimwa na watu wa kujitolea, seremala na mwalimu wakiacha kazi king'ora kiliapo. Auzaye soseji Jumamosi katika sherehe ya kikosi chao ndiye atakayekuja na mpira wa maji nyumba yako iungueapo. Kumwita mtu huyo mpoteza wakati ni ujinga.

Husemwa kuna bia. Naam, ipo, tena nyingi kupita kiasi, na katika mahema ya Bavaria hupimwa kwa lita. Lakini pana pia maji ya tufaha, wala sijaona hema ambamo mtu hukabwa koo ili anywe.

Hoja nzito ni ya ubaguzi, na siikwepi. Gerald Asamoah, mzaliwa wa Ghana, alivaa jezi ya Ujerumani kwa mara ya kwanza mwaka 2001 na akaingia uwanjani katika fainali ya Kombe la Dunia la 2002. Mwaka 2006 mashabiki walimtukana kwa rangi ya ngozi yake. Mwaka 2024, kabla ya mashindano ya Ulaya yaliyochezwa Ujerumani, televisheni ya ARD iliuliza watu maoni, na 21 katika kila 100 wakajibu kuwa wangependelea timu ya taifa iwe na weupe zaidi. Kocha Julian Nagelsmann alikasirishwa na swali lenyewe. Nahodha wake kiangazi hicho alikuwa İlkay Gündoğan, aliyezaliwa Gelsenkirchen katika ukoo wa Kituruki.

Sasa niambieni: mgeni akijifungia chumbani, ni nani afurahiye? Ni wale 21. Wamepata walitakalo bila ya kuinua kidole. Waturuki walioitwa kufanya kazi kwa mapatano ya 1961 walitazamiwa warudi kwao upesi, na serikali ikaendelea kuwahesabu kuwa wapita njia kwa miaka mingi. Hawakungoja kukaribishwa. Waliunda klabu zao, kama ile ya Kreuzberg mjini Berlin iliyoanzishwa 1978 na baadaye ikaitwa Türkiyemspor, wakaziingiza katika ligi zilezile za wenyeji.

Tena iko faida ya lugha. Kijerumani cha darasani ni cha karatasi. Mgonjwa mzee wa kijijini huugua kwa lahaja yake, na muuguzi aliyesimama na wajukuu wa mzee huyo katika foleni ya soseji atamwelewa mapema kuliko mwenzake mwenye cheti kizuri zaidi.

Kiangazi kikielekea mwisho, ligi ndogo huanza msimu mpya, na klabu nyingi hupungukiwa na watu: hazina mlinda lango wa akiba, hazina wa kushika filimbi, hazina wa kuwaangalia watoto wa miaka sita. Atakayefika jioni ya mazoezi na viatu vyake mkononi, yamkini swali la kwanza atakaloulizwa ni nafasi achezayo.